Karani Aliyeuliza Kwanza

Isome taratibu, kisha mpelekee bibi yako, au yeyote anayemsomea bibi yake.

Kijiji kimoja kilikuwa na tajiri aliyeitwa Chilumba. Duka kubwa lilikuwa lake, gari lilikuwa lake, na baraza la duka, ambako Somoe alipika chapati za kuuza, lilikuwa lake pia. Somoe alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa kunyonya. Chapati zile ndizo zilizowalisha yeye na mwanawe.

Kila uchaguzi Chilumba aliwabeba wazee kwa gari lake mpaka kituoni. Aliwashusha polepole, akawashika mkono, akaingia na kila mmoja kwenye kituturi, pale mtu anapojificha kupiga kura yake. "Hawaoni hawa, kusoma hawajui," alisema. "Nawasaidia." Watu wakamsifu kwa huruma yake. Hakuna aliyeuliza wazee wale walitaka kumchagua nani.

Mwaka huo shemeji yake Chilumba aligombea udiwani. Mwaka huo huo Somoe aliomba ukarani wa kituo, akapata. Akaenda mafunzoni, akala kiapo, akarudi kwenye jiko lake.

"Kumbe siku hizi wewe ni serikali?" Chilumba akamtania.

"Serikali ya siku moja, bosi."

"Basi ukumbuke siku ya pili unapika wapi."

Siku ya kura ikafika. Somoe alisimama mlangoni kupanga foleni. Akamtoa mjamzito juani, akampa kiti chake mzee mmoja aliyekuwa akitetemeka miguu. Mama aliyebeba mtoto alipoitwa ndani, Somoe akampokea mtoto, akambembeleza mpaka mwenyewe akatoka.

Kisha gari likaja. Wazee wakashushwa. Wa kwanza alikuwa Bi Lukia, muuza mboga. Wa mwisho alikuwa Bi Fatu, mama mzazi wa Chilumba. Tajiri akamshika mkono Bi Lukia, akamwongoza mlangoni.

"Samahani, bosi," Somoe akasema. "Kwanza nimuulize mwenyewe."

"Umuulize nini? Haoni huyo."

Somoe akachuchumaa mbele ya yule mama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Unataka kusaidiwa? Na kama unataka, umchague nani akusaidie?"

Bi Lukia akageuza uso kumwelekea Chilumba. Msimamizi wa kituo akatoka ndani, akamnong'oneza Somoe, "Mwache apite. Tumalize siku salama."

"Niliapa, mkuu. Nilifundishwa kwamba msaidizi anachaguliwa na mpiga kura. Huyu hajamchagua mtu."

Chilumba akainama mpaka sikioni kwa Somoe. "Kesho chapati zako utapikia barabarani."

Somoe alimfikiria mwanawe.

"Basi nitapikia barabarani," akasema. "Bibi, nakusikiliza."

Bi Lukia akauchomoa mkono wake kwenye mkono wa tajiri.

"Hiyo karatasi ina picha?"

"Ina picha, bibi."

"Basi picha naiona. Mchicha wangu naujua na bamia langu nalijua, nishindwe sura ya mtu? Miaka yote huyu anasema sioni, na mimi nanyamaza kwa sababu ananileta kwa gari."

Akaingia peke yake.

Foleni ikaguna. Mzee aliyefuata akasema, "Mimi kweli sioni. Lakini namtaka mjukuu wangu, yule pale." Mjukuu akaja, wakaingia pamoja. Wengine nao wakaulizwa, wakajibu, kila mmoja kwa kinywa chake. Akabaki Bi Fatu.

"Huyu ni mama yangu," Chilumba akasema. "Huyu humuulizi."

Somoe akachuchumaa tena. "Shikamoo, bibi. Unataka kusaidiwa?"

Bi Fatu hakumtazama karani. Alimtazama mwanawe.

"Nilikushika mkono ulipokuwa hujui kutembea," akamwambia. "Ulipojua, nilikuachia. Na wewe niachie."

Chilumba akauachia mkono wa mama yake. Bi Fatu akaingia peke yake.

Kesho yake tajiri alitimiza neno lake. Somoe alikuta jiko na meza yake vimetupwa kando ya barabara, unga umemwagika. Hakulia wala hakwenda kuomba msamaha. Alimfunga mwanawe mgongoni, akafuta vumbi, akawasha mkaa, akaanza kusukuma chapati juani. Watu walipita wakamsalimia kwa macho tu, maana Chilumba alikuwa amesimama barazani akihesabu nani atanunua.

Ndipo Bi Fatu akatoka nyumbani kwa mwanawe na kigoda chake. Akavuka barabara, akakaa karibu na jiko.

"Nipe huyo mtoto nimshike, upate kupika," akamwambia Somoe. "Na mimi nipe chapati ya moto."

Chilumba akaja mbio. "Mama, ingia ndani. Watu wanaona."

Bi Fatu akampakata mtoto vizuri, akamega chapati.

"Ndiyo maana nimekaa hapa," akasema.

Funzo: Anayekushika mkono bila kukuuliza unakokwenda, atakufikisha anakotaka yeye. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza. Na siku wewe ukiulizwa, jibu kwa kinywa chako, hata kama kesho utapikia barabarani.