Vyungu Viwili na Chemchemi ya Mpakani

Hapo zamani, wajukuu zangu, zamani ambayo bibi yangu naye aliisikia tu kwa bibi yake, palikuwa na vijiji viwili vilivyokunywa chemchemi moja. Cha juu kiliitwa Mlimani, cha chini kiliitwa Bondeni. Mlimani kulikuwa na mti wa sumu, Bondeni haukuota. Basi watu wa Mlimani walichemsha sumu, wakapaka mishale, wakala nyama ya nyati. Watu wa Bondeni walikula mchicha.

Siku moja wakagombania maji. Mshale wa Mlimani ukamkwaruza kijana wa Bondeni kidole. Kidole tu, jamani! Akafa kabla ya kufika kwao. Bondeni wakapanda usiku kutia moto maghala ya Mlimani. Walipochoka kuzikana, wazee wakaketi penye chemchemi wakala kiapo: sumu ni ya nyama, si ya mtu. Mlimani watawapa Bondeni mishale ya kuwindia, iliyokwisha kupakwa. Bondeni hawatachemsha kamwe. Mlimani wao watabaki na chungu kimoja cha vita, kwa kuwa walikuwa nacho tangu hapo, na watakivunja siku ikifika.

"Siku gani?" wakauliza Bondeni.

"Ikifika mtaiona," wakajibu Mlimani.

Wazee wale wakafa. Wana wao wakazeeka. Siku haijafika.

Tena katika kiapo kile walikubaliana awepo mtu wa kuwa jicho la kiapo, achungulie meko ya juu na meko ya chini, aseme kweli. Zama hizo jicho alikuwa mwanamke aitwaye Mbeyu. Mbeyu kazaliwa Mlimani, kaolewa Bondeni. Ndugu zake wako juu, wanawe wako chini. Watu walisema, "Mshale ukirushwa, kokote utakakotua, kilio ni cha Mbeyu. Huyu hatatudanganya."

Kikaja kiangazi kibaya, chemchemi ikabaki inatoa maji kama machozi ya mjane mchoyo. Na uvumi ukapanda mlima: Tsuma wa Bondeni ameiba mizizi ya mti, anachemsha. Vijana wa Mlimani wakakaza nyuzi za pinde. "Tushuke leo, kabla hawajajaza podo!" Wazee wakawazuia kwa shida. "Kwanza jicho likaone. Kisha tukutane chemchemini, litwambie mbele ya wote."

Tsuma alikuwa mdogo wa mume wake Mbeyu. Mbeyu akamfuata nyuma ya zizi la mbuzi.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji. Umekuja kunisalimia au kuninusa?"

"Yote mawili. Mekoni kuna nini?"

"Dawa ya mbuzi. Wana upele."

"Mbona nzi wamelala kando ya chungu na hawaamki?"

"Wamechoka. Kiangazi hiki nani hajachoka?"

Mbeyu hakucheka. Akajitoboa mkono kwa mwiba, akaacha damu iteremke mpaka kiwikoni. Akachovya kijiti chunguni, akagusa ile damu mwisho wake, chini kabisa. Damu ikawa nyeusi. Weusi ukaanza kupanda, unapanda, unatafuta jeraha. Akaufuta upesi kwa jani kabla haujafika.

"Dawa ya mbuzi gani hii, Tsuma?"

Tsuma akaacha mzaha. "Wao wana chungu. Mimi nikiwa nacho ndiyo nimekuwa mchawi? Lini simba alimwambia chui, kata kucha, mimi nitakulinda?"

"Tulikula kiapo."

"Tulikula, na wao wakaahidi siku. Iko wapi hiyo siku?"

Hata Mbeyu alikuwa akijiuliza hilo. Akasema, "Ukiwa nacho wewe, kesho watu wa ng'ambo ya mto watakitaka. Na walio nyuma yao. Mwisho kila mwenye ugomvi wa kuku atakuwa na chungu mekoni."

"Na nisipokuwa nacho, wao wakitunyima maji, wanao watakunywa nini?"

Mbeyu akajifunga kanga akaenda zake.

Chemchemini watu walikwisha kujipanga, huku pinde na huku pinde. Mbele ya Mlimani alikaa mzee Luvuno, mjomba wake Mbeyu, mtunza chungu cha vita. Alikuja nacho ndani ya kikapu. Habari ikiwa mbaya, vijana wachovye mishale pale pale.

"Mpwa wangu," akasema Luvuno, "wewe ndiwe jicho. Umeona nini?"

Mbeyu akatazama juu, akamwona kaka yake Charo na upinde. Akatazama chini, akamwona mwanawe wa kwanza, Kahindi, na rungu.

"Nimeona dawa ya mbuzi, mjomba. Mbuzi wana upele."

Luvuno akamtazama kiwiko. Pale palibaki utepe wa damu iliyokauka, mweusi kama masizi. Mtu aliyechemsha sumu tangu ujana hahitaji kuelezwa. Akaona. Na Mbeyu akaona kwamba ameona.

Neno moja la mzee yule lingetosha kuwasha vita. Hakulisema. Akatoa chungu kikapuni.

"Kama Bondeni hawana kitu, hiki tunakishikia nini? Siku ndiyo hii."

"Mzee, umerukwa na akili?" akapiga kelele Charo. "Hicho si chako peke yako!"

"Na usikivunjie hapo!" mwanamke mmoja wa Bondeni akadakia. "Maji hayo tunakunywa!"

Luvuno akakubali kwamba hilo ni kweli, akasogea mbali penye shimo, akakivunjia humo, akafukia.

Tsuma akaondoka bila kuaga. Watu wakasema, huyo, amekimbia. Kumbe la. Akarudi na chungu chake, amekishika mbali na mwili kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake aliyejisaidia.

"Mbuzi wangu hawana upele," akasema. Akakivunjia katika shimo lile lile.

Mlimani wakaguna. Charo akaweka mshale kwenye uzi. Akamtazama Tsuma, akamtazama dada yake, akautoa.

Vita haikuwa. Wazee wa pande zote wakasema: kuanzia leo chemchemi iwe na mwenyewe, agawe maji juu na chini, na ukoo wake uteke kwanza kila kiangazi. Apewe aliyetuokoa. Wakaweka kata ya kutekea maji juu ya jiwe.

Ikawa vurugu.

"Mbeyu!" wanawake wakasema. "Angesema kweli, sasa hivi tungekuwa tunaosha maiti."

"Jicho lililodanganya mara moja!" akajibu Charo. "Ni dada yangu, nampenda, lakini kesho akituambia hakuna sumu, nitalala usingizi?"

Wengine, walioona sasa weusi wa kiwiko cha Mbeyu, wakamtaja Luvuno: alijua, akanyamaza, akatangulia kuvunja. Vijana wa Mlimani wakang'aka. "Alituvua nguo mbele ya mtu anayemjua ana silaha! Tsuma asingerudi je?"

Tsuma naye akasema, "Mimi nilikuwa nacho, wao hawana tena. Saa ile moja nilikuwa mkubwa wa wote, na hakuna aliyenishika mkono. Nimekivunja mwenyewe."

"Mwizi!" akaitikia mzee mmoja wa Mlimani. "Tukupe zawadi kwa kuacha ulichoiba?"

Luvuno hakujitetea. Alisema tu kwamba ana kiu. Mbeyu naye alikuwa akijisugua kiwiko kwa pindo la kanga, anasugua, anasugua.

Jua likapanda. Watoto wakalia maji, ng'ombe wakalia maji, na mtu haruhusiwi kuteka mpaka kata ipate mkono wa kuishika. Haya, wajukuu zangu, ninyi mliokunywa mkashiba: mngekuwa mmesimama pale na kiu yenu, kata mngempa nani? Aliyedanganya, aliyenyamaza, au aliyerudi? Je, nani aliistahili?