Sultani Ajifunza Uchale

Palikuwa na Sultani mmoja, Badawi, aliyemwonea wivu chale. Ndiyo, jamani, chale. Kila Ijumaa baada ya swala, chale huyo, mwanamke aitwaye Mwanajaha, aliingia uwanjani na pua nyekundu ya sifongo na viatu vya marehemu babake. Akajikwaa, akaanguka, na mji ukacheka mpaka wachuuzi wakaunguza mihogo. Sultani alivisikia vicheko vile akiwa juu ghorofani, akavitaka viwe vyake.

Basi akamwita Mwanajaha, akamwamuru amfundishe uchale. Ijumaa ijayo angeanguka yeye, na watu wamcheke kwa moyo, bila kulazimishwa. Wasipocheka, Mwanajaha atakatwa pua.

"Ipi, Maulana?" akauliza Mwanajaha. "Ya sifongo naweza kuchonga nyingine."

"Uliyozaliwa nayo."

"Hiyo nayo si ya kugombewa. Mama aliiona siku ya kwanza, akasema huyu atafutiwe kazi ya kuchekwa, mume hatapata. Lakini nimeizoea."

Somo likaanza. Mwanajaha akaeleza kwamba chale haanguki hivi hivi. Kwanza huwatazama watu machoni, kama anayewaomba radhi kwa kuzaliwa.

"Sultani haombi radhi."

"Basi vaa viatu vikubwa, ujikwae."

"Sultani hajikwai. Njia ndiyo iliyokaa vibaya."

"Kosea hata wimbo, Maulana. Mimi hukosea hata niliotunga mwenyewe."

"Nani ataniambia nimekosea?"

Mwanajaha akaishika pua yake taratibu, akaanza kuiaga.

Ijumaa ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha, na uwanja ulijaa watu na matope. Sultani akatokea amevaa viatu vikubwa na pua nyekundu. Hakumtazama mtu. Hatua chache tu, kiatu kikanasa, naye akaanguka kifudifudi, kilemba huku, yeye kule. Mwanajaha mwenyewe alikuwa hajawahi kuanguka vizuri namna ile, na alikiri hivyo kwa uchungu.

Hakuna aliyecheka. Watu waliuma midomo, wakatazama juu, wakahesabu mawingu. Aliyemcheka Sultani mara ya mwisho, upepo ulipompeperushia kanzu, alikuwa bado gerezani.

Sultani akageuza kichwa palepale topeni.

"Wewe ukianguka wanacheka. Nimeanguka mimi, kimya. Umenifundisha vibaya. Askari, lete kisu."

Mwanajaha akachuchumaa kando yake.

"Maulana, mimi wananicheka papo hapo kwa sababu nikiinuka simdhuru mtu."

"Na mimi?"

"Nawe watakucheka, kwa moyo, bila kulazimishwa, kama ulivyoagiza. Endelea tu kulala hapo. Wanangoja kwanza wahakikishe kwamba hutainuka."