Paka wa Bi Nyamvula na Kidonge cha Nne

Hadithi inapiga hodi.

"Na ipite, ikae."

Ikikaa, mtaisikiliza?

"Masikio tunayo."

Basi hapo kale, kale sana, wakati watu na wanyama walipokuwa wakizungumza bila mkalimani, palikuwa na mwanamke mmoja jina lake Bi Nyamvula. Alikuwa mjane, hakujaliwa watoto, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, kwenye njia ya kwenda kisimani. Aliishi humo yeye na Paka wake.

Jikoni mwake, juu ya meko, palikuwa na uchaga, ile dari ya miti ambayo moshi hupita katikati yake. Kijiji kizima kiliweka mbegu hapo. Mahindi, kunde, mtama, zote zilikuwa juu ya uchaga wa Bi Nyamvula. Waliziweka kwake kwa sababu moja tu: alipolala Paka yule, panya hakukanyaga.

Mwaka mmoja, masika yakiwa yamekaribia, Paka akaugua. Tumbo likavimba kama kibuyu. Manyoya yakasimama. Akilala asubuhi ubavu wa kulia, jioni mtamkuta ubavu ule ule wa kulia.

Bi Nyamvula akaenda kwa Kobe. Zamani hizo Kobe ndiye aliyekuwa mganga wa wanyama. Wenzake walikuwa wakipita porini mbio, yeye alipita polepole, kwa hiyo mizizi yote aliijua.

Kobe akasikiliza maelezo, akasema, "Ana minyoo. Nami nimebakiwa na mzizi mmoja. Mpaka mvua inyeshe, sina mwingine."

Akauponda ule mzizi, akafinyanga vidonge vinne, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama.

"Kimoja kikipita kooni, kinatosha," akasema.

"Ikiwa kimoja kinatosha, Mganga, mbona unanipa vinne?"

"Wewe hujawahi kumpa paka dawa," akasema, akaingiza kichwa ndani ya gamba lake.

Bi Nyamvula akarudi nyumbani akifikiri. Alijua Paka wake anapenda dagaa kuliko kitu chochote. Akaloweka dagaa mmoja mpaka akalainika, akampasua tumbo, akatia kidonge ndani, akambana vizuri kwa vidole. Ukimtazama, ni dagaa kama dagaa wengine.

"Chukua, baba," akamwambia Paka. "Nimekuletea dagaa."

Paka akanusa. Akatafuna upande huu, akatafuna upande ule, akajilamba. Bi Nyamvula akafurahi. Akainama kuchukua kisahani, na katikati ya kisahani akakiona kidonge, kikavu, safi, kama kimeoshwa.

Mnauliza Paka alijuaje? Hata Bi Nyamvula alijiuliza hivyo hivyo. Alikishika kidonge akakigeuza geuza, asione hata alama ya jino. Kikamponyoka, kikaangukia majivu ya mekoni, akakitupa.

Juu ya uchaga kukasikika kitu kinakwaruza. Panya mmoja alitoa pua kati ya miti miwili. Akaimba kwa sauti nyembamba:

*Paka, Paka, kilichofichwa kina nini?*
*Kama ni chema, mbona kimetiwa ndani?*

Paka maneno aliyasikia.

Siku ya pili Bi Nyamvula akamchinja kuku. Akachukua ini, akalikata, akaficha kidonge katikati, akalikaanga kidogo mpaka likanukia nyumba nzima.

"Chukua, baba. Ini la kuku."

Safari hii akakaa hapo hapo kwenye kigoda, amtazame. Alitaka sana kujua anafanyaje. Paka akanusa, akanusa tena. Akang'ata kipande cha pembeni. Akang'ata kingine. Ulimi ukawa unatoka na kuingia, unatoka na kuingia, na ini likawa linapungua kwa kuzungukwa, mpaka pakabaki kidonge peke yake na kipande kidogo cha ini kimekishika. Hicho Paka hakukigusa. Kuku mmoja aliyekuwa akiparura mlangoni akaruka ndani, akakidonoa, akakimeza. Yule kuku hakuwa na minyoo, akaenda zake.

Na Panya, ambaye siku hiyo alishuka mpaka ukingoni mwa uchaga, miguu inaning'inia na punje ya hindi iko mkononi, akaimba:

*Paka, Paka, kilichofichwa kina nini?*
*Kama ni chema, mbona kimetiwa ndani?*

Paka akamtazama Panya, kisha akamtazama Bi Nyamvula. Akahamia pembe ya mbali ya jiko, akalala huko.

Siku ya tatu Bi Nyamvula akakuna nazi. Akakamua tui la kwanza, lile zito, akakisaga kidonge cha tatu mpaka kikawa vumbi, akakikoroga humo. Akasema moyoni, leo hana cha kubakiza sahanini.

"Chukua, baba. Tui."

Paka akajikokota mpaka kwenye bakuli. Hakulamba. Alinusa mara moja, akageuka, akaanza kuikwaruza sakafu kuzunguka bakuli, kwa mguu huu, kwa mguu ule, kama wanavyofanya paka wanapofukia uchafu wao. Alipomaliza kulifukia tui kwa mchanga ambao haukuwepo, akaondoka.

Siku hiyo Panya hakuimba kutoka juu. Alishuka nguzoni, akapita mbele ya Paka, hatua tatu tu kutoka masharubu yake, akasimama.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi na wewe hatupatani, lakini kweli nitakuambia. Mtu akikuficha kitu ndani ya chakula, ujue amechoka nawe. Usile chochote kinachotoka mkononi mwake."

"Yeye ndiye aliyenilea," Paka akasema.

"Ndiyo maana anajua unapenda nini," Panya akajibu, akapanda zake.

Tangu hapo Paka akaacha kula. Dagaa mtupu akimpa, hali. Maji yakitoka mkononi mwa Bi Nyamvula, hayanywi. Ugonjwa ulikuwa mmoja, sasa njaa ikaongezeka. Juu ya uchaga panya walikuwa wakikimbizana mchana kweupe, na maganda ya mahindi yakawa yanadondokea kwenye chungu.

Bi Nyamvula akakaa kwenye kigoda, kidonge cha nne kiko kiganjani. Kingine hakuna. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya leso. Halafu akanyoosha mkono, kiganja kikiwa wazi.

Hakusema "chukua."

Paka akakiona kile kitu. Alikuwa amekinusa siku tatu, lakini kukiona hajakiona vizuri. Akainua kichwa.

"Ni nini hicho, Mama?"

"Dawa. Ilitoka kwa Kobe. Una minyoo."

"Ina ladha gani?"

"Chungu."

Paka akafikiri. "Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utakataa."

"Nikakataa."

"Ukakataa," Bi Nyamvula akasema. "Nami nimekukosea, baba. Nilichukua vitu unavyovipenda nikakutegea navyo. Sasa vyote vimeharibika."

Paka akasogea hatua moja. "Chungu kiasi gani?"

Hilo Bi Nyamvula hakuwa amejiuliza. Akakikwaruza kidonge kwa ukucha, akaweka ule unga mdogo juu ya ulimi wake. Mdomo ukapinda. Macho yakajifumba. Pua ikakunjamana mpaka ikakaribia paji la uso, na akatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa.

Paka hakuwa ameona uso kama ule tangu azaliwe. Akasogea tena, akatazama kwa makini.

"Kumbe unasema kweli," akasema.

"Nasema kweli."

"Nikimeza, huo uchungu utakaa mdomoni mpaka lini?"

"Tutauondoa. Sikiliza." Bi Nyamvula akaleta dagaa watatu, akawapanga mstari mbele yake. "Wa kwanza hana kitu. Wa pili nitamtia dawa, na utaniona nikitia. Wa tatu hana kitu, na atakuwa hapa, mbele ya pua yako, anakungoja. Ukimeza wa pili tu, unamrukia wa tatu."

"Nitajuaje kama wa kwanza hana kitu?"

Bi Nyamvula akampasua yule dagaa wa kwanza, akamfungua, akala nusu. Nusu iliyobaki Paka akaila mkononi mwake. Ilikuwa siku ya tano hajala. Kisha Bi Nyamvula akatia kidonge ndani ya dagaa wa pili, Paka akitazama.

Panya juu akaona mambo yamegeuka, akaimba haraka haraka:

*Paka, Paka, kilichofichwa kina nini?*
*Kama ni chema, mbona kimetiwa ndani?*

"Hakikufichwa," Paka akasema bila kuinua macho. "Nimeona kikitiwa."

Akamchukua dagaa wa pili. Akamtafuna mara moja, na mara uchungu ukamjaa. Masikio yakalala, mate yakamtoka, akataka kutema. Akamwona wa tatu pale mbele yake, mnono, analingoja koo lake. Akafumba macho, akameza. Kisha akamrukia wa tatu, na wakati anatafuna Bi Nyamvula alikuwa anamkuna nyuma ya masikio.

Siku ya kwanza Paka akalala. Siku ya pili akanywa maji, akageuka ubavu wa kushoto. Siku ya tatu tumbo likapwa, akakaa kwenye jua akajilamba kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Panya hakujua. Alishuka nguzoni kama alivyozoea, na punje ya kunde mdomoni, akapita mbele ya Paka, hatua tatu tu. Safari hii hakumaliza hata hatua ya pili, Paka akamrukia.

"Ulimeza?" Panya akauliza, chini ya kucha.

"Nilimeza."

Yalikuwa maneno ya mwisho kati yao. Panya wengine walihama uchagani siku hiyo hiyo, mchana, wakifuatana.

Mvua ilipokaribia, wanakijiji wakaja kuchukua mbegu. Bi Nyamvula akawaambia mlangoni, kabla hawajapanda uchagani, kwamba kunde zimeliwa na mahindi yamepungua, na akawaeleza sababu. Walinung'unika. Kisha wakagawana zilizokuwepo, wakapanda, na hakuna shamba lililobaki tupu.

Paka naye akaishi miaka mingi. Lakini kila alipopewa dagaa, alimtazama kwanza Bi Nyamvula, akauliza, "Huyu ni wa ngapi, Mama?"

"Huyu ni wa chakula tu, baba."

Na Paka akala bila kunusa.

Hadithi hii inatufundisha hivi: ukitaka mwenzako akubali jambo chungu, mwambie kuwa ni chungu, kisha mwandalie kitamu cha kulisindikizia. Kitamu hakina kosa. Kosa ni kukifanya mtego, maana aliyenaswa mara moja kwa chakula huogopa hata mkono unaomlisha.

Nami niliikuta hapo, na hapo ninaiweka chini. Aliyeipenda aiokote aende nayo. Asiyeipenda airuke asiikanyage.