Pingusi na Swali la Mlangoni

Paukwa! ... Mmenyamaza? Nimesema paukwa! Pakawa! Haya, uongo njoo, na wewe ukweli kaa kando ucheke.

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii bibi zenu huisimulia vizuri. Mimi nitaiburuta tu, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Asiyeridhika aende akalale, lakini aniachie kahawa yake.

Hapo kale, samaki walipokuwa na adabu kuliko sisi, palikuwa na papa mdogo. Kichwa chake kimetanda kama nyundo, jicho moja huku, jicho moja kule. Jina lake Pingusi. Ukisema papa, umeutaja ukoo mzima. Ukisema pingusi, umemtaja mwenye kichwa hicho, hukukosea. Na hilo ndilo lililomuudhi. Likitajwa jina, kichwa kimeshaonekana kabla mwenyewe hajafika!

Jina alipewa na bibi yake aliyemlea, naye Pingusi vile vile.

Siku moja samaki mmoja, Kolekole, akamwoza binti yake. Pingusi akajifunga kilemba cha mwani, kikubwa kuliko cha kadhi, akaenda arusini.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Papa!"

"Papa gani?"

Akakohoa. "Papa... wa ule upande mwingine."

Kolekole, masikini, akadhani ni wale wakubwa wa kilindini. "Karibu, bwana mkubwa! Mpisheni!" Akaketishwa mbele, karibu na sinia.

Hajameza tonge, sauti ikaja: "Pingusi! Pingusi we!" Ni bibi yake. Akashusha kilemba.

"Pingusi, baba!" Akageukia mwamba, akausifu: "Mwamba mzuri huu."

"Pingusi, mjukuu wangu!"

Kolekole akauliza, "Yule bibi amwita nani?"

"Sijui."

"Mbona anakutazama wewe?"

"Wazee hao! Mimi simjui."

Bibi alisikia. Alikuwa amekuja mbio kumwambia kuwa wavuvi wanashusha jarife, wavu wa papa. Lakini lile neno "simjui" likamsimamisha pale pale. Jarife likamshukia.

Na papa akizuiwa kwenda, pumzi humwishia.

Pingusi akamkimbilia Papa Upanga, mwenye pua ya msumeno, aliyejilaza mchangani. Upanga alikuwa na mwiko wake: hakati wavu mpaka aambiwe nani anaomba, na aliyenaswa ni nani yake.

"Hodi, mzee! Njoo ukate!"

"Nani?"

"Mimi!"

"Mimi ni mimi, nimelala hapa. Nani?"

"Papa!"

"Papa hata mimi. Nani?"

Pingusi akatazama nyuma. Arusi nzima imetoka nje, Kolekole na sinia lake mkononi. Akatazama wavuni. Mkia wa bibi hautikisiki tena. Akakivua kilemba, akakitupa.

"Mimi Pingusi! Mjukuu wa Pingusi! Yule ni bibi yangu, nami nimemkana!"

Upanga akaondoka mbio, kra! kra! kra! Jarife likapasuka.

Bibi akatoka, pezi limechanika. Pingusi hakuthubutu kumsogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. U mtoto wa nani?"

Lo! Afadhali angempiga.

"Mimi Pingusi," akanong'ona.

"Sisikii."

"Mimi Pingusi."

"Sisikii."

Akapaza sauti mpaka chaza wakafunga milango: "Mimi Pingusi, bibi! Mjukuu wako!"

"Basi niegemeze, twende nyumbani. Naumwa."

Njia nzima bibi alimwegemea kwa pezi lile lililochanika. Pingusi ana macho mawili, moja mashariki, moja magharibi, lakini siku ile hakupata pa kuyaweka.

Hadithi yangu imekwisha. Utamu wake wenu, chumvi yake ya bahari. Anayelificha jina lake huwaficha na waliompa. Basi mkimwona sokoni msiseme "kile kipapa". Mwiteni pingusi, jina alilolilipia kwa aibu.

Nami nikirudi kwangu, mke wangu akiuliza "Nani?" nitamtajia jina langu lote, na la baba, na la babu. Akikataa kufungua, basi jina halina kosa. Kosa ni la mwenye jina.