Gari Lililokataa Uzito

Wapendwa, wekeni vitabu vyenu vya nyimbo pembeni kidogo, twende safari. Tuko kwenye barabara ya lami inayotoka Singida kwenda Katesh, majira yale alizeti zimechanua pande zote mbili, na mbele yetu Mlima Hanang umejifunika ukungu hadi mabegani. Asubuhi bado mbichi. Linakuja gari jekundu la spoti, fupi, limeinama chini chini, lina milango miwili na viti viwili tu. Anayeliendesha ni mkandarasi wa majengo, jina lake Ombeni. Pembeni yake amekaa mkewe, Aikande, kichwa amekiegemeza kiooni.

Mwaka uliotangulia, hawa wawili walikuwa wamemzika binti yao. Mtoto mdogo, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia kochi. Homa ilimwanza jioni, na kulipokucha nyumba ilikuwa kimya. Watu walikuja wakaimba, wakapika, wakakesha, kisha kila mmoja akarudi kwake, kama tufanyavyo sote. Tangu siku ile walipotoka makaburini, Ombeni hakulitaja jina la mtoto wake hata mara moja. Vinguo vyake alivifungia kwenye kabati la chumba cha wageni. Kisha akaagiza gari.

Majirani walisema amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa, ndugu zangu. Alikuwa anabeba kitu kizito kifuani, na aligundua kwamba gari lile likishika kasi kwenye lami nzuri, kile kitu kinabaki nyuma kidogo. Ninyi mngefanya nini? Mtu akikuambia kuna mahali moyo hauumi, huendi?

Basi alianza kwenda. Kila Jumamosi asubuhi alimwambia mkewe, "Twende tukapunge upepo," na Aikande alijitanda kanga yake akaenda, kwa sababu kukaa peke yake nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Njiani hawakuzungumza. Alizeti zilipita kama mto wa manjano, ng'ombe walipita, vijiji vilipita, na Ombeni alijisikia kama mtu aliyelala macho wazi, anaelea.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi ndogo iliyobandikwa kiwandani, inayosema upepo wa matairi uwe kiasi gani. Ilisema thelathini na mbili. Ombeni aliisoma. Msidhani alikosea kwa kutojua. Lakini kwenye upepo ule gari lilikuwa na uzito fulani. Usukani ulivuta mikono. Kwenye kona ulihisi gari limeishika lami, nawe unaushika usukani, na mabega yako yanajua kwamba umebeba kitu. Ombeni hakuutaka uzito huo.

Nyumbani alikuwa na kompresa ya kupulizia rangi. Jumamosi moja aliongeza upepo kidogo. Usukani ukalainika. Jumamosi iliyofuata akaongeza tena. Gari likawa jepesi, likateleza juu ya lami kama linaota. Kwenye barabara mbovu lilirukaruka kama mpira, basi barabara mbovu akaziacha, akachagua zile laini tu. Kila juma akaongeza, mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe, geji inasoma arobaini na tano, naye akasimama uani akayagonga kwa ngumi na kutabasamu.

Aikande alikuwa dirishani, anamtazama.

"Mume wangu," alisema, "hayatapasuka hayo?"

"Hayapasuki. Ni mazima."

"Na ile karatasi ya mlangoni inasemaje?"

"Karatasi haijui ninachotaka," Ombeni alijibu, akafunika kompresa kwa gunia.

Ni kweli, hayakupasuka. Naomba mlishike hilo, kwa sababu sisi tunasubiri mambo yapasuke ndipo tukubali kwamba yameharibika.

Asubuhi ile ninayowasimulia, walikuwa wamefika mbali. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani ukalala juu ya mashamba, jua likipenya ndani yake kama taa nyuma ya pazia. Barabara haikuonekana mwisho wala mwanzo. Manyunyu yakaanza, membamba, yale yasiyofika hata kuwashiwa waipa. Ombeni hakupunguza mwendo. Usukani ulikuwa mwepesi kuliko siku zote. Angeweza kuushika kwa kidole. Hakuna alichosikia mikononi, hakuna alichosikia kifuani, na moyoni mwake alisema, hatimaye. Hatimaye nimepona.

Kisha barabara ikakata kona.

Haikuwa kona kali. Ni kona ambayo hata mwenye baiskeli anaipita akipiga mluzi. Ombeni alizungusha usukani, nao ukazunguka vizuri, bila ubishi wowote, ila gari halikuzunguka. Liliendelea mbele, taratibu, kama lililoitwa na mtu. Aliuzungusha zaidi. Hakuna kitu. Na katika muda ule mfupi alielewa kwamba ule wepesi alioupenda haukuwa kasi, wala haukuwa kupona. Barabara ilikuwa imemwacha.

Gari lilitoka lamini, likavuka mtaro usio na kina, likaingia katikati ya alizeti. Mashina yalivunjika mbele ya boneti, maua yakapiga kioo, petali za manjano zikamwagika kila mahali. Halafu likasimama. Injini ikazimika. Manyunyu yakasikika juu ya paa.

Walikuwa wazima. Si mkwaruzo, si damu. Walifungua milango wakatoka, wakasimama kati ya maua marefu kuliko wao.

Mwenye shamba alikuja mbio akiwa ameshika jembe, mama mmoja wa makamo, magoti yamejaa udongo. Hakuyatazama mashina yaliyovunjika. Alilitazama gari, akawatazama wao.

"Poleni! Poleni sana! Mko wazima?"

"Wazima, mama," Ombeni alisema. "Tusamehe kwa shamba lako."

"Achana na shamba. Mlikuwa wangapi humo ndani?"

Ombeni alifungua kinywa aseme wawili. Aikande akamtangulia.

"Tulikuwa watatu," alisema.

Yule mama alitupa jembe. Akaanza kusukuma mashina kwa mikono miwili, anachungulia chini ya gari, anaingia huku, anatokea kule, anaita, "Yuko wapi? Jamani, yuko wapi? Mtoto au mtu mzima?" Maua yalitikisika, maji yakimmwagikia mgongoni, naye anatafuta. Mgeni, ndugu zangu. Mtu asiyewajua hata kwa jina alikuwa anamtafuta mtoto wao kwa nguvu zake zote, na baba wa mtoto amesimama tu, mikono inaning'inia.

"Mama," Aikande aliita. "Mama, acha. Hayupo. Alifariki mwaka jana."

Yule mama akasimama palepale katikati ya alizeti, anahema. Hakukasirika. Hakusema anachezewa. Alirudi polepole, akamkalisha Aikande chini, naye akakaa, akamwekea mkono mgongoni.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

Aikande alijaribu, jina halikutoka. Alimtazama mumewe. Ombeni naye alikuwa ameteleza hadi chini, mgongo umeegemea mlango, uso umekaribiana na tairi la mbele. Na kwa sababu hakuweza kumtazama mkewe, alilitazama tairi.

Pale katikati lilikuwa limekwisha kabisa, limelika mpaka limekuwa laini kama kiganja. Pembeni, kulia na kushoto, lilikuwa jipya. Vile vinyweleo vidogo vya mpira ambavyo tairi hutoka navyo kiwandani bado vilikuwepo, havijaguswa. Miezi yote ile, safari zote zile, gari lilikuwa limegusa ardhi kwa kaukanda kembamba kale tu.

Aikande alisogea, akanyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye kale kaukanda, taratibu.

"Na mimi umekuwa ukinigusa hivihivi," alisema.

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Ombeni alilia. Alilia kama mtu anayejifunza kulia, kwa kukwamakwama, na katikati ya kulia kule akasema, "Ruhama." Akarudia, "Ruhama. Mwanangu alikuwa anaitwa Ruhama." Yule mama akaitikia, "Ruhama. Jina zuri." Wakakaa hapo, watu watatu chini ya alizeti, wakimzungumzia mtoto: alivyopenda kula ndizi na maganda yake, alivyocheka mtu akipiga chafya mbele yake, alivyosimama kwa kushikilia kochi kisha akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona.

Manyunyu yalipokata, Ombeni alichukua geji kwenye kisanduku cha gari, akapiga magoti kwenye udongo, akaanza kupunguza upepo, tairi baada ya tairi, anapima, anapunguza tena. Gari lilishuka kidogo, kama mtu anayeshusha pumzi. Watu wa jirani wakaja wakalisukuma hadi barabarani. Akaendesha kurudi nyumbani polepole. Usukani ulikuwa mzito mikononi mwake, kila kona ilimdai mabega, na alilia tena njiani mara kwa mara. Lakini gari lilipoambiwa geuka, liligeuka.

Wapendwa, sasa tuache alizeti, tujitazame sisi.

Tairi lililojazwa ipasavyo hulala kidogo pale linapogusa chini. Linaukubali uzito. Kule kulala kidogo ndiko kunakolipatia mshiko. Lisilotaka kulala hata kidogo, hilo halina barabara, na siku ya kona halina dereva pia.

Kila Jumapili sisi tunakuja hapa tunaimba tujazwe. Tujaze nguvu, tujaze furaha, tujaze ushindi. Ni vema. Yuko pia ambaye ameishiwa kabisa, anajikokota kama gari lililoishiwa upepo, chuma kikikwaruza lami, na huyo ajazwe leo. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuomba apunguzwe? Ni nani aliyesema, Bwana, nimejijaza kazi, nimejijaza shughuli, nimejijaza hata maombi, ili nisihisi kitu. Nitoe upepo kidogo, nishuke niguse chini?

Unasema umepona. Umepona, au huhisi tu? Unasema nyumbani kwako hakuna ugomvi. Hakuna ugomvi, au hakuna mnapogusana? Yesu alipokuwa njiani kwenda kaburini kwa rafiki yake alijua kwamba anakwenda kumfufua, na bado alisimama akalia machozi. Yeye aliyekuwa na kila sababu ya kupita juu ya huzuni ile hakupita juu yake. Wewe na mimi ni nani hata tuone kulia ni kukosa imani?

Leo tukitoka hapa, usiharakishe kuwasha gari, wala pikipiki, wala maneno. Yupo mtu wa nyumbani kwako ambaye unamgusa kwa kaukanda kembamba tu. Umemjua tayari, nimeliona hilo kwenye nyuso zenu. Mwendee na uzito wako wote. Kaa chini karibu naye, umwambie lile jina ambalo hujalitaja.