Tandiko la Pikapu ya Diwani

Diwani Mwakalobo alinunua pikapu mpya, na hakuna aliyewahi kuiona imebeba hata mkungu wa ndizi. Jeneza la jirani yake lilibebwa kwa toroli. Siku moja aliisimamisha mbele ya kibanda cha Sekela, muuza vifaa vya magari, wapambe wake wakiwa wamejaa nyuma.

"Nataka tandiko la kukinga bodi isichubuke. Likinichanikia, kibanda hiki nakibomoa."

"Shikamoo, mheshimiwa. Lipo la plastiki, lipo la raba. Lakini gari la mtu kama wewe siwezi kulifanyia kazi ya kubahatisha. Yajaribu kwanza."

"Nayajaribuje?"

"Tandika la plastiki, upakie mawe haya yaliyo nyuma ya kibanda, upande nayo mlima. Kule juu pana kiwanja kitupu, yamwage. Ukirudi, tandika la raba, upakie mchanga ulio kando yake, uumwage kulekule."

Diwani alipenda kuheshimiwa. Wapambe walivua makoti, wakapakia, wakamwaga, wakarudi, wakapakia tena. Hadi jioni mawe na mchanga vilikuwa vimekwisha, na bodi bado inang'aa.

"Yote mazuri," alisema Diwani. "Nichukue lipi?"

"Inategemea. Mheshimiwa huwa unabeba nini?"

"Mimi? Hili si gari la mizigo ya watu! Sibebi chochote."

"Basi huhitaji tandiko," alisema Sekela, akiyarudisha yote mawili ndani. "Na ahsante sana. Jumatatu nilipokuomba unipelekee mawe kwenye kiwanja changu, ulisema pikapu yako si punda. Kesho fundi anaanza msingi."