Mbegu Ukutani mwa Jiko

Hapo zamani, baridi ilipokuwa nyingi na watu wachache, huko juu milimani ambako hata jogoo hufikiri mara mbili kabla ya kutoka bandani, aliishi mjane jina lake Subilaga. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, Ambokile. Kijana mpole. Msimsifu bado, subirini.

Nyuma ya nyumba yake Subilaga alipanda matunda ya ganda. Mnayajua: madogo, ya njano, kila moja limejifunika ganda jembamba kama karatasi. Watoto huyachuma njiani, watu wazima huyaita magugu. Lakini huko juu hayakudumu. Ukifika mwezi wa sita jalidi hushuka, umande huganda ukawa mweupe kama chumvi, na jua likitoka kila jani ni jeusi, limelegea kama mboga iliyochemshwa.

Subilaga alisema atapata mche utakaostahimili. Akapanda. Jalidi ikaua, ikabakiza miche mitatu. Akachukua mbegu za ile mitatu, akapanda. Jalidi ikaua, ikabakiza saba. Akachukua mbegu za ile saba, akapanda. Hakufunika mche hata kwa nyasi. Waliomshauri afunike aliwajibu kwamba mtoto wa kubebwa hajui njia. Alfajiri alitoka peku juu ya ile jalidi, akaufunga kamba ya gome kila mche uliokuwa hai, na uliokufa akaung'oa.

Majirani walicheka. Walisema mume kafa, sasa mjane anaolewa na magugu. Yeye akapanda. Jalidi ikaua, ikabakiza. Akapanda.

Mwaka wa saba jalidi ilishuka ya kukomoa. Ikaua viazi vya kila mtu, ikaua maharage ya kila mtu, na asubuhi miti ya Subilaga ilikuwa imesimama, kijani, imening'iniza matunda. Watoto wa kijiji walikuwa na vidonda pembeni mwa midomo, wazee fizi zinatoka damu, kwa kukosa chochote kibichi cha kula. Basi wale wacheshi wakaja, wameshika vikapu, wameshika na adabu.

Hakuwanyima. Aliwachemshia. Kila tunda lililotoka kwake lilipitia chunguni kwanza, ili mbegu isiote kwa mtu. Hata lililoanguka chini aliliokota. Fizi zikapona, mbegu haikutoka. Waliponung'unika aliwaambia walipanda kicheko miaka saba, wakavune hicho.

Ndipo Ambokile akaoa. Mke aliitwa Tumwagile, ametoka chini kwenye joto, hajawahi kuona maji yameganda. Alifika na khanga mbili na mikono. Khanga hazikumfaa kitu kwa baridi ile. Mikono mama mkwe aliiona siku ya kwanza.

Tumwagile akalima. Akabeba samadi, akabeba majivu, akatoka alfajiri peku kufunga kamba za gome, maana magoti ya Subilaga yalikuwa yameanza kugoma. Mwaka ukaisha, akaomba mbegu kidogo apande kipande chake mwenyewe, maana mwanamke asiye na kitu chake uani ni mgeni anayelala. Subilaga akamjibu kwamba desturi ya nyumba ile ni moja: mbegu haipewi tumbo tupu. Uzae, upewe.

Akalima. Akaomba. Tumbo tupu. Akalima. Akaomba. Tumbo tupu. Hivyo miaka minne. Mwaka wa tano akashika mimba, akaenda kuomba akiwa ametanguliza tumbo lake mbele. Mama mkwe akalitazama, akasema, "Tumbo si mtoto. Zaa kwanza."

Na mbegu zilikuwa wapi? Zilikuwa jikoni. Subilaga alikamua matunda, akachanganya na majivu, akapaka ukutani juu ya mafiga, mahali moshi unapopita. Panya hali majivu, mdudu hali moshi. Masizi yakafunika, usingejua. Tumwagile alipika chini ya ukuta huo miaka yote, mkono wake ukipita hapo hapo kila alipochomeka mwiko. Aliyejua ni Ambokile peke yake, na mama yake alimwapisha.

Siku moja mkewe alimuuliza, bila ugomvi, wamelala, kama anajua mama anaweka wapi mbegu. Ambokile akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hajui. Huo ndio upole niliowaambia msiusifu.

Mwaka ule miti ilikuwa imechoka, shina limekuwa kuni. Subilaga akamwagiza mwanawe aing'oe yote, aichome, mvua ikinyesha wapande upya kutoka ukutani. Ambokile aking'oa na kuchoma ya mwisho, habari ikaja kwamba kaka yake Subilaga amefariki, ng'ambo ya mlima. Mama akajifunga, akaenda kukaa matanga, mwezi mzima na siku zake.

Sasa, huko juu mtu akirudi msibani hapokelewi na jiko lenye moshi wa zamani. Mkwe hukandika kuta upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ili mfiwa akae kwenye ukuta usiojua kilio. Asiyefanya hivyo husemwa hadi kwao. Tumwagile, na tumbo lake la miezi saba, alichimba udongo, akaubeba, akaukanyaga, akaanza kukandika. Ukuta wa mlangoni. Ukuta wa dirishani. Ukuta wa kuni.

Ambokile akarudi kutoka shambani akiwa anamenya kiazi cha kuchoma. Akasimama mlangoni. Umebaki ukuta mmoja tu, ule wa mafiga, na mkewe ameshashika tonge la udongo. Akisema, "Usipake hapo," ataulizwa kwa nini, na kaburi la baba yake litamtazama. Akatafuna. Akasema, "Umefanya kazi nzuri, mke wangu." Akatoka. Alijiambia atakuja kuubandua udongo siku mke akienda kisimani. Mke alienda kisimani kila siku, na yeye kila siku alikuwa na kazi nyingine.

Siku ya kumi na mbili ukuta ukaota. Udongo mbichi, joto la moto, mbegu zote zikaamka. Tumwagile aliingia jikoni asubuhi akakuta miche ukutani, myororo kama manyoya ya kifaranga, na majani yake anayajua kuliko kiganja chake. Akakaa chini. Chungu kilikuwepo, udongo ulikuwepo, angeweza kuihamisha yote kabla maji hayajachemka.

Akakoka moto. Akapika uji. Akakoka moto kesho yake, na kesho yake. Siku ya tatu miche ilikuwa nyuzi kavu.

Subilaga aliporudi hakuketi. Aligusa ukuta, akazibandua zile nyuzi kwa kucha, akazitazama kiganjani.

"Nani alikandika?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka ukute jiko safi."

"Zilipoota uliziona?"

"Niliziona."

"Ukafanyaje?"

"Nilipika, mama."

Mji ukakusanyika. Kwa desturi yao, aliyeua mbegu ya nyumba hali tena katika nyumba hiyo. Hufunga mzigo wake akatoka siku hiyo hiyo. Akitoka Subilaga, ataenda kuzeekea kwenye boma la marehemu kaka yake, lisilo na mtu. Akitoka Ambokile, atakuwa kibarua wa kulala kwenye mabanda ya watu. Akitoka Tumwagile, atashuka mlima ule na mimba yake ya miezi minane, kwa miguu, na mwezi wa mvua ndio huo umeingia.

Waliokaa kuamua ni wale wale waliocheka. Mzee Mwaisumo alisema wao hawamo, kicheko hakiui mche. Subilaga akamjibu, "Hakiui. Kinafunga mkono," na mzee akapata kikohozi.

Kisha Subilaga akasema lake. "Nilipoanza nilikuwa na meno yote. Hii mbegu nimeitoa kwenye jalidi punje kwa punje, na hakuna hapa aliyenishikia jembe. Kuficha changu si kosa. Kama ningeigawa mngeitupia kuku. Aliyeiona hai akaichoma ndiye muuaji, atoke."

Tumwagile akasema, "Nilikandika kwa heshima, sikujua. Zilipoota ndipo nilijua. Nilijua kwamba miaka yote nimeinama chini yake nikipuliza moto, ninalia kwa moshi, ninaomba kitu kilicho juu ya kichwa changu. Kitu nilichonyimwa hata kukijua, nani alinipa kazi ya kukiokoa? Angesema neno moja huyu mume wangu, nisingepaka."

Ambokile akasema, "Mama aliniapisha. Mke aliniuliza. Mimi nina mdomo mmoja. Sikuficha mbegu, sikupaka udongo, sikukoka moto. Nimefanya nini mimi?"

Wakabishana mpaka mifugo ikarudi. Wengine walisema bila mama kuficha, hakuna kilichoanza. Wengine walisema bila mume kunyamaza, udongo usingefika. Wengine walisema mbegu ilifufuka yenyewe, ikasimama mbele ya mtu mmoja, na mtu huyo akasogeza kuni. Na mwakani jalidi itashuka, na watoto wana midomo.

Mimi nimemaliza langu. Semeni ninyi, na asiniambie mtu "wote watatu", hilo ni jibu la anayetaka kula kila nyumba. Mzigo ni mmoja, mlango ni mmoja. Je, nani alistahili kutoka?